Ini, Wanga na Gunia la Mahindi

Kati ya ugali wa saa mbili usiku na uji wa saa moja asubuhi, mkazi wa Katesh au Basotu wilayani Hanang, au wa Dongobesh au Haydom wilayani Mbulu, hukaa saa kumi na moja bila kutia kitu kinywani. Baridi ya Mlima Hanang inashuka, moto wa jikoni unazimwa, watu wanalala. Ubongo haulali. Unahitaji takriban gramu 120 za sukari kwa siku, usiku na mchana, na wenyewe hauna akiba. Damu yote ya mtu mzima, kwa wakati mmoja, ina gramu nne au tano tu za glukosi, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake ungeweza kukimaliza kijiko hicho kwa saa moja hivi kama pasingekuwa na anayekijaza tena. Anayekijaza ni ini.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Baada ya mlo wa jioni hupokea glukosi inayotoka utumboni, huiunganisha kuwa glaikojeni na kuiweka ndani ya seli zake. Kwa mtu aliyeshiba, akiba hiyo hufika karibu gramu 100. Usiku ini huikatakata na kuirudisha kwenye damu kidogo kidogo. Akiba inapopungua, huanza kutengeneza glukosi mpya kabisa kutokana na asidi laktiki inayotoka misulini, asidi amino za protini na gliseroli ya mafuta. Mtu akifunga mchana na usiku mzima bila kula, glaikojeni ya ini huwa imekaribia kwisha, naye anaishi kwa sukari inayoundwa upya.

Wafugaji wa Kidatoga na Wairaqw wana mfano wa kazi hiyo zizini. Ng'ombe hula majani siku nzima, lakini sukari ya majani hayo karibu yote huchachushwa na vijidudu vya tumboni kabla haijafika utumboni. Kinachoingia kwenye damu ya ng'ombe ni asidi, na mojawapo, asidi propioniki, ndiyo ini lake huigeuza kuwa glukosi. Utamu wa maziwa yanayokamuliwa Balang'dalalu au Bonde la Yaeda umeanzia kwenye glukosi iliyotengenezwa na ini. Ng'ombe aliyezaa karibuni na kukamuliwa sana huku akila kidogo huweza kudhoofika ghafla, kwa kuwa ini lake limezidiwa na mahitaji ya sukari.

Binadamu amekijua kiwanda hiki cha sukari kwa muda usiotimia karne mbili. Mfaransa Claude Bernard alionyesha mwaka 1848 kwamba damu inayotoka kwenye ini ina sukari hata kama mnyama hajalishwa sukari wala wanga, na mwaka 1857 akaitoa glaikojeni yenyewe kwenye ini. Miaka ya 1920, katika Kliniki ya Mayo huko Minnesota, Marekani, Frank Mann na Thomas Magath waliwatoa mbwa ini lote. Kwa saa chache mbwa walionekana wazima. Kisha walilegea, wakashindwa kusimama, wakaanza kutetemeka, na kipimo cha sukari ya damu kilikuwa kimeporomoka. Walipochomwa sindano ya glukosi waliinuka na kutembea baada ya muda mfupi mno. Hatimaye walikufa, kwa kuwa ini lina kazi nyingine nyingi zisizoweza kufanywa na glukosi peke yake, lakini jambo moja lilikuwa limethibitika: mnyama asiye na ini huanza kuangushwa na ukosefu wa sukari.

Mwaka 1931, katika kliniki hiyohiyo, George Higgins na Reuben Anderson walieleza njia ya kumkata panya theluthi mbili za ini kwa usalama. Vipande vilivyokatwa havikuota tena pale vilipokuwa. Kilichotokea ni kwamba theluthi iliyobaki ilivimba kwa seli mpya, na baada ya siku saba hadi kumi panya alikuwa na ini lenye uzito unaokaribia ule wa mwanzo. Njia yao inatumika mpaka leo katika maabara duniani kote. Kwa binadamu, mtu anayemtolea ndugu yake zaidi ya nusu ya ini hupata sehemu kubwa ya ujazo wake ndani ya miezi michache, na ukuaji wenyewe huwa wa kasi zaidi katika majuma ya mwanzo. Figo haina uwezo huo, wala moyo.

Wengi tukisikia habari hiyo tunaishia kwenye mshangao. Mimi nadhani swali zito ni la chakula. Theluthi moja ya ini, iliyobaki yenyewe usiku ule wa kwanza, inatakiwa ijenge mamilioni ya seli na wakati huohuo iendelee kukijaza kile kijiko cha sukari kwenye damu. Inafanyaje?

Katika saa za mwanzo glaikojeni iliyobaki huporomoka na sukari ya damu hushuka. Damu yote inayotoka utumboni, ambayo awali iligawanywa kwenye ini zima, sasa inapita ndani ya kipande kidogo, ikiwa imebeba homoni za insulini na glukagoni kutoka kongosho. Thomas Starzl, daktari aliyekuwa wa kwanza kujaribu kumpandikiza binadamu ini, huko Denver mwaka 1963, alionyesha miaka ya 1970 kwa kutumia mbwa kwamba ini linalonyimwa damu hiyo ya utumbo hunyauka, na kwamba insulini ni sehemu kubwa ya kinacholistawisha. Ndani ya saa moja hivi baada ya upasuaji, jeni za vimeng'enya vinavyotengeneza glukosi mpya huamka kwa nguvu. Kila seli iliyobaki hufanya kazi ya seli tatu. Asidi laktiki hupanda kwenye damu, kwa sababu ini ndilo lililokuwa likiipokea kutoka misulini na kuigeuza kuwa sukari, mzunguko uliofafanuliwa na Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Mabadiliko mengine ni ya ndani zaidi. Seli inayojiandaa kugawanyika inahitaji malighafi ya DNA, na malighafi hiyo ina sukari ya kaboni tano. Kwa hiyo sehemu ya glukosi huelekezwa kwenye njia ya kuzalisha sukari hiyo badala ya kuchomwa kwa ajili ya nguvu. Baadhi ya vimeng'enya vya ini la mtu mzima hupungua, vikachukuliwa nafasi na vile vinavyoonekana kwa wingi kwenye ini la kijusi tumboni mwa mama. Ini hurudi nyuma kidogo kiumri ili liweze kukua. Nguvu ya kuendesha kazi yote hutoka zaidi kwenye mafuta. Mafuta huvunjwa kutoka akiba za mwili, husafiri kwa damu na kujikusanya ndani ya seli za ini kwa siku moja au mbili, kisha huchomwa. Anayelitazama ini la panya kwa darubini siku ya pili baada ya upasuaji angeweza kudhani limeugua kwa mafuta, kumbe limo kazini.

Hapo ndipo utafiti uliposhangaza watu. Panya waliopewa glukosi kwa wingi baada ya kukatwa ini walichelewa kuliotesha. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba glukosi ile ya ziada iliamsha protini inayozuia seli kugawanyika, na panya wasio na protini hiyo hawakucheleweshwa. Kule kushuka kwa sukari, ambako sote tungekuona kama hitilafu tu, kunaelekea kuwa sehemu ya ishara inayoliambia ini lianze kujenga.

Naomba msomaji asikimbilie hitimisho. Panya wale walikuwa na miili yenye akiba, wamelishwa vizuri tangu kuzaliwa, na glukosi waliyopewa ilikuwa ya kupita kiasi. Hakuna daktari anayemwacha mgonjwa wa ini sukari imuishie ili eti ini liote. Sukari ikishuka mno, ubongo huumia kabla ini halijamaliza hata seli zake za kwanza. Mgonjwa ambaye ini limefeli ghafla, kwa sumu au kwa virusi, hupimwa sukari mara kwa mara usiku na mchana, na ikishuka hupewa glukosi mshipani pasipo kusubiri. Panya wale wanatufunza kwamba ini linalojijenga linahitaji wanga wa kiasi, unaofika mara kwa mara, na mwili wenye akiba ya mafuta na protini nyuma yake. Mafuriko ya sukari hayalifai, na ukame haulifai zaidi.

Kwa mtu ambaye ini limesinyaa na kujaa makovu, yaani mgonjwa wa sirosisi, suala la usiku lina uzito wa pekee. Ini lake halina nafasi ya kutosha ya kuweka glaikojeni. Vipimo vilivyofanywa Marekani miaka ya 1980 vilionyesha kwamba asubuhi, baada ya usiku mmoja tu wa kutokula, mwili wake unakuwa katika hali ambayo mtu mwenye afya huifikia baada ya kufunga siku mbili au tatu. Umeishiwa wanga, unachoma mafuta na kuikatakata misuli ili ini lipate asidi amino za kutengenezea sukari. Ndiyo maana wagonjwa hawa hukonda mapaja na mabega huku tumbo likijaa maji. Zamani hata hospitalini walinyimwa nyama na maharage kwa hofu ya kuchanganyikiwa akili. Leo miongozo ya lishe ya wagonjwa wa ini inasema kinyume: wapewe protini ya kutosha, wale milo midogo mingi, na wapate kitu cha wanga kabla ya kulala. Huko New Zealand, wagonjwa zaidi ya 100 wa sirosisi walipewa lishe ya nyongeza ileile, wengine mchana, wengine usiku. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa usiku ndio walioongeza nyama ya mwili. Bakuli la uji saa nne usiku ni tiba, na naandika neno tiba kwa maana yake kamili.

Sasa turudi Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway, imekuwa kwa miaka mingi kituo cha utafiti wa afya ya watoto. Kuanzia mwaka 2009 ilishiriki utafiti mkubwa wa nchi nane, uliojulikana kama MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kuona jinsi kuhara, vijidudu vya tumboni na chakula kinavyoamua ukuaji wao. Katika kundi moja la watoto wa Haydom lililochapishwa mwaka 2018, asilimia 75 walikuwa wamedumaa walipofika miezi 36. Watoto watatu kati ya wanne. Ni namba inayopaswa kusomwa polepole, tena katika wilaya zinazolima mahindi, maharage, ngano na vitunguu saumu na kuyapeleka masokoni.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana ini lililojaa mafuta yasiyotumika na glaikojeni kidogo sana. Misuli yake imekwisha, kwa hiyo ini linakosa asidi amino za kutengenezea sukari. Usiku mmoja bila kunyonya wala kula unaweza kumuua alfajiri, na mara nyingi hafi kwa kishindo: joto la mwili hushuka, mtoto hulegea, mama hudhani amelala. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto hawa unaanza na sukari kabla ya jambo jingine lolote. Muuguzi humchoma kidole na kusoma kipimo. Kikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita, na mtoto akiwa na fahamu, anapewa mililita 50 za glukosi ya asilimia 10, au maji ya sukari ya kawaida: kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichojaa, ndani ya vijiko vitatu na nusu vya mezani vya maji. Kisha maziwa maalumu kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Swali la kwanza wodini, "Mama, mtoto amekula saa ngapi mara ya mwisho?", lina uzito sawa na kipimo chochote.

Watoto haohao wa Haydom walipimwa kitu kingine. Katika damu ya watoto 60 wa miezi 24, asilimia 72 walikutwa na alama za aflatoksini. Katika mkojo wa watoto 94 wa kati ya miezi 24 na 36, asilimia 80 walikuwa na fumonisini. Zote mbili ni sumukuvu, sumu zinazotengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka, hasa mahindi. Watafiti walisema wazi kwamba kiwango cha aflatoksini Haydom kilikuwa cha chini kikilinganishwa na kwingineko na hawakukiona kikihusiana na kudumaa, ila fumonisini iliandamana na uzito mdogo. Nawaheshimu kwa kutoongeza chumvi. Hata hivyo, mtoto wa miaka miwili ambaye damu yake tayari ina alama ya sumu ya ini ameipata wapi? Kwenye uji. Wanga unaoliwezesha ini lake kuvuka usiku ndio huohuo unaolipelekea jeraha la kila siku.

Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu wilaya hizi mbili. Madaktari wa nchi za mbali wanapojadili glukosi kiasi gani apewe mgonjwa ambaye ini lake linaota upya, wanazungumzia chupa safi ya dripu. Hapa wanga unatoka guniani, na gunia lina historia yake.

Mtafiti Analice Kamala na wenzake walifanya uchunguzi wa mahindi na namna yanavyotunzwa katika kanda tatu za kilimo nchini: Kilosa kwenye tambarare za mashariki, Rungwe kwenye nyanda za juu kusini, na Hanang upande wa kaskazini. Walipolinganisha kaya, zile zilizoanika mahindi juu ya mikeka au vichanja, zikachagua na kutupa punje mbovu, na kutumia dawa ya kuzuia wadudu ghalani, zilikuwa na sumukuvu kidogo kuliko zilizomwaga mahindi kwenye udongo mtupu. Kuvu wanaotoa aflatoksini hupenda joto na ukame wakati mmea uko shambani. Wale wa fumonisini hustawi kwenye ubaridi na unyevu, na ndio wanaoelekea kupenda miteremko ya Hanang, ambako baridi ya Juni na Julai huchelewesha mahindi kukauka. Wadudu wanaotoboa punje huwafungulia mlango wote wawili.

Mwaka 2016 Mkoa wa Manyara, zilimo wilaya hizi mbili, ulionja upande mbaya kabisa wa jambo hili. Kuanzia mwezi Mei, watu wa baadhi ya maeneo ya Dodoma na Manyara, Kiteto ikiwemo, walianza kutapika, macho kuwa ya manjano, na tumbo kujaa maji. Familia moja baada ya nyingine. Hofu ilikuwa kubwa, kwa sababu haikujulikana ni nini. Uchunguzi uliofuata, ulioongozwa na Kamala, ulihesabu wagonjwa 68, kati yao 20 walifariki dunia, na mahindi yenye aflatoksini nyingi yakakutwa kuwa chanzo. Kenya ilikuwa imepata pigo kama hilo mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125.

Wagonjwa 48 wa mwaka 2016 waliokoka. Kuokoka baada ya sumu kuua sehemu ya seli za ini maana yake ni kwamba seli zilizosalia zilijigawa na kuziba pengo, kazi ileile ambayo Higgins na Anderson waliiona kwa panya, bila kisu. Miili yao ilihitaji kula wakati huohuo, na kwa mkulima chakula kilichokuwepo nyumbani kilikuwa mahindi ya msimu uleule.

Aflatoksini haiui kwa wingi wake tu. Kiasi kidogo cha kila siku kina madhara ya polepole, na hapo uwezo wa ini wa kujijenga unageuka kuwa hatari. Ini lenyewe, likijaribu kuisafisha sumu, huigeuza kuwa kemikali kali inayong'ang'ania DNA. Seli isiyogawanyika ina muda wa kurekebisha kosa. Seli inayoharakishwa kugawanyika ili kuziba pengo huweza kulinakili kosa hilo na kulirithisha. Mojawapo ya makosa hayo hutokea mahali maalumu kwenye jeni inayozuia saratani, na limepatikana mara kwa mara kwenye uvimbe wa ini wa watu wa sehemu za Afrika na China wanaokula nafaka zenye sumu hii. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B ana ini linaloumia na kujenga bila kupumzika. Kwake, nguvu ya aflatoksini ya kuleta saratani inakadiriwa kuwa takriban mara 30 ya ile kwa asiye navyo. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, hivyo waliozaliwa kabla ya hapo, ndio wazazi na wazee wa leo, wengi hawakuipata.

Tuzungumze basi jikoni na ghalani, kwa maana huko ndiko ini hulindwa. Kupika hakuui sumukuvu. Ugali ukichemka vipi, aflatoksini hubaki. Kukoboa husaidia kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini cha punje. Hapa panazuka mgogoro unaowatatiza hata wataalamu wa lishe: dona ina vitamini, mafuta na nyuzinyuzi kuliko sembe, nasi tumekuwa tukiwahimiza watu wale dona. Mahindi yakiwa safi, dona ndiyo bora. Yakiwa na ukungu, dona hupeleka sumu yote mezani. Jibu langu ni kwamba ubora wa dona unaanzia kwenye ungo, kabla ya mashine.

Nimewatazama kina mama wakichambua mahindi juani. Punje nzima nyeupe hupita bila kuguswa. Vidole husimama kwenye punje iliyovunjika, yenye tundu la fukusi, yenye waridi hafifu kwenye ncha, yenye vumbi la kijani au la njano, au ile nyepesi kupita ukubwa wake. Zinazotolewa hazifiki hata kibaba kimoja kwa debe, na humo ndimo hujikusanya sehemu kubwa ya sumu. Swali ni zinakokwenda. Mara nyingi huwekwa kando kwa ajili ya kuku, ng'ombe wa maziwa au pombe. Ng'ombe akila aflatoksini hutoa sehemu yake kwenye maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto. Pombe nayo haiisafishi. Isitoshe, ini linaloshughulika na kilevi hushindwa kutengeneza glukosi mpya kwa muda, ndiyo maana anayekunywa usiku kucha bila kula anaweza kuzimia kwa kukosa sukari watu wakidhani amelewa tu. Punje hizo zifukiwe au zichomwe. Najua ni kauli ngumu kwa kaya ambayo Februari haina kitu, na sisemi kwa wepesi.

Kukausha nako kuna kipimo kisichohitaji mashine. Chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi na vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Ikishuka yote chini, yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa. Baada ya hapo mifuko isiyopitisha hewa huwanyima wadudu na kuvu pumzi. Kisheria, mahindi yanayouzwa nchini hayatakiwi kuzidi mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Lakini mahindi mengi ya Mbulu na Hanang hayapiti dukani. Yanatoka shambani, yanaingia ghalani, yanafika chunguni, na mkaguzi wake pekee ni mwenye ungo.

Jambo la mwisho linahusu uji wa lishe wa watoto. Kwa miaka mingi tumewafundisha akina mama kuchanganya unga wa mahindi na karanga, ili mtoto apate nguvu, mafuta na protini kwa pamoja. Ushauri una nia njema, ila mahindi na karanga ndiyo mazao mawili yanayoongoza kwa kubeba aflatoksini. Wilaya hizi zina njia nyingine bila kutoka nje ya mipaka yake. Ulezi na mtama kwa kawaida hubeba aflatoksini kidogo kuliko mahindi. Maharage yapo, maziwa yapo, mayai yapo. Kwa mtoto anayeamshwa saa tano usiku kwa sababu ini lake haliwezi kumfikisha asubuhi, bakuli la ulezi na maziwa ndilo ningependa kuona wahudumu wa afya wa vijijini wakianza kulifundisha msimu huu, kabla mahindi mapya hayajashuka kutoka mashambani.